Mama Kicheko Aomba Ruhusa

Wasomaji wake walimwita Mama Kicheko, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa ufundi wa miwani: kukata vioo, kukaza skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, kuwapimia wazee fremu zisizowabana masikio. Wateja wakipungua, alichomoa daftari akaandika vituko vya nyumbani kwake. Jumamosi asubuhi alivihamishia kwenye blogu yake ya malezi, akavitia chumvi kidogo, watu wakavunjika mbavu.

Blogu hiyo aliitengeneza mwenyewe. Alihangaika wiki nzima na rangi na ukubwa wa herufi, maana alijua macho ya watu yanavyopata taabu. Juu kabisa aliweka picha ya binti yake akiwa na miaka sita, anacheka, meno mawili ya mbele hayapo.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa na kigugumizi. Makala iliyosomwa kuliko zote ilimhusu yeye: alitumwa mkate, akakwama kwenye herufi ya kwanza, na muuza duka, kwa haraka zake, akamletea maji, maziwa, maharage na mafuta kabla ya kuufikia mkate wenyewe. Mama aliiandika kwa mapenzi. Hakuona ubaya.

Jumanne moja binti alirudi kutoka shuleni akapitiliza chumbani. Mezani alijibu kwa kutikisa kichwa. Siku tatu zikapita hivyo.

"Mmegombana?" baba yake, fundi bomba, aliuliza.

"Hata kosa langu silijui," mama alisema.

Siku ya nne alikuta karatasi juu ya kompyuta yake. Mwandiko ulikuwa wa binti: "Darasa zima wamesoma habari ya mkate. Wananiita Mmm."

Mama alimfuata chumbani mbio. "Jamani, mwanangu! Watu waliipenda ile. Walicheka hadithi, hawakukucheka wewe."

"Wa... walinicheka mimi." Binti alimtazama usoni. "Uliniuliza, Mama?"

Mama alirudi sebuleni akaketi mbele ya kompyuta, machozi yakimlengalenga. "Naifuta yote," alimwambia mumewe. "Yamekwisha."

"Na hilo je, umemuuliza?"

Mkono wake ukasimama hapo hapo.

Jumamosi wakakaa watatu mezani wakaipitia blogu, makala moja baada ya nyingine, zote sitini na mbili. Mama alisoma kichwa cha habari, binti akatoa hukumu. Ya mkate ikatoka. Ya kukojoa kitandani ikatoka, tena kwa kelele: "Ma... Mama! Hata hii?" Ya kumwosha paka kwa dawa ya meno ikabaki.

"Paka naye hajaulizwa," baba alichokoza.

"Paka hajui kusoma," binti alisema, na hapo akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Zilibaki ishirini na tatu. Picha ya pengo nayo ikaondoka. Mama alitaka kuweka maua mahali pake.

"Weka yako," binti alisema.

Wakampiga picha papo hapo, amejifunga aproni ya kazini, lenzi ya ufundi jichoni. Baba alisema anafanana na askari anayemsaka kiroboto. Wakaiweka hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata mama aliandika kujihusu mwenyewe: jinsi alivyokuwa akimkatiza binti na kummalizia maneno, akidhani anamsaidia. Kabla ya kuichapisha alimpa aisome. Binti alisoma taratibu, akafuta mstari mmoja. "Hapa umezidisha chumvi."

Baadhi ya wasomaji walinung'unika kwamba vituko vimepungua, wengine wakajiendea zao, na mama jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha. Shuleni mwalimu alikaa na darasa, utani ukapoa, ingawa wawili watatu walikuwa bado hawajakoma.

Kisha dereva mmoja wa lori akaandika chini ya makala: "Nami nimekuwa nikimmalizia mwanangu maneno. Jana nimenyamaza. Ilimchukua dakika nzima, kumbe alitaka kuniambia ameniokotea ufunguo wa gari. Je, yeye anajisikiaje ninapomkatiza?"

Mama aliisoma mara mbili, akamwita binti. "Hili swali mimi siliwezi. Unataka kulijibu? Ukikataa, sawa tu."

Binti alisoma. Alifikiri kidogo, akavuta kiti na kuikunja mikono ya sweta yake. Mama akainuka kumpisha.

"Kaa," binti alisema. "Ila usi... usichungulie mpaka nimalize."

Mama akageuza kiti chake, akatazama dirishani, akasikiliza vidole vya mwanawe vikigonga herufi, vikisimama, kisha vikiendelea.