Sauti ya Mama Ilikaa kwa Kaka

Juma lililopita nilirudi mtaani Jericho kufunga nyumba ya kaka. Kwa mazoea nikapiga hodi mlangoni. Jirani akachungulia kutoka mlango wake akauliza, "Nani?" Machozi yakanitoka. Kaka hakuniuliza hivyo hata siku moja. Alizaliwa kipofu, lakini alikujua kabla hodi haijakwisha.

Tulipokuwa watoto, jioni mama akikaanga mandazi ya kuuza, tulijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, kila mmoja akisalimu "Niaje" ili kaka atutaje majina. Hakukosea. "Na wewe mdomo umejaa, rudisha mandazi ya mama!" Mwizi nilikuwa mimi.

Mwalimu aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa akitutajia maneno, ndoo, kamba, mwiko, tuyarudie. Mimi nilipotea kwenye la sita. Kaka aliyasema yote, kisha akayarudisha kinyumenyume kwa maringo. Mwalimu akaniambia, "Wewe unategemea daftari. Mwenzako daftari lake ni kichwa."

Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Sura yake ilibaki ukutani, lakini sauti ilinitoka upesi mno, naona haya kusema. Nikizidiwa nilimwendea kaka. "Niitie mama." Alikohoa kidogo, akainua shingo, na mama akatoka mzimamzima, na lafudhi yake ya kwao magharibi: "Nyinyi watoto! Uji unapoa, ama mwangoja niwalishe?" Hata pumzi aliyovuta kabla ya kutugombeza ilikuwamo. Nililia, nikashiba, nikaenda zangu. Nilifanya hivyo hadi utu uzima, na watoto wangu mwenyewe wakinicheka.

Krismasi iliyopita nilimwomba tena. Simu ilikuwa mkononi. Kurekodi ni kubonyeza tu, na hata wazo hilo lilinijia, nikajiambia siku nyingine, kaka yupo. Basi nikampiga picha. Sisi wenye macho ndivyo tulivyo, tukipenda kitu tunakitazama. Mwezi wa tatu nimonia ikamchukua.

Nyumba nimeshaifunga, ufunguo ninao. Sasa nimekaa kibarazani na ile picha. Kaka ameinua shingo, mdomo wazi, mama anatuita ndani. Neno analosema nalijua. Nimejaribu kulisema mwenyewe, mara nyingi, na kila mara inatoka sauti yangu.