Mstari Katikati ya Mikorosho

Rafiki yangu alikuwa na mkono wa birika, na sisemi hivyo kumsengenya, maana hata yeye alijua. Tulifundisha shule moja Nachingwea, mimi nimetokea Kagera na yeye Singida, tukapanga nyumba moja yenye vyumba viwili na sebule. Majani ya chai aliyachemsha mara mbili. Kiberiti kikiisha, alikumbuka nani alikinunua mara ya mwisho. Tukienda kula chipsi, muda wa kulipa ukikaribia alikuwa ameshainuka kwenda kunawa, na alinawa mpaka mimi nimalize kulipa. Walimu wenzetu walimtania mbele yake, naye alicheka pamoja nao bila kutoa hata mia.

Nyumbani tulikubaliana kila kitu ni nusu kwa nusu, yaani umeme, maji, mkaa na unga. Hapo sina la kumlaumu. Nusu yake ilitoka kwa mbinde, lakini ilitoka. Hata kanga tulinunua doti moja, nyekundu, tukaikata katikati, kila mtu akachukua kipande chake. Nilichokuwa nikimkasirikia ni yale madogo yasiyo na hesabu, ambayo siku zote yaliniangukia mimi.

Mwaka wa pili mimba yangu ya miezi mitano ilitoka. Mume wangu alikuwa Bukoba, safari ya siku mbili, na kazi yake haikumruhusu kuja haraka. Nilirudi kutoka hospitali siwezi hata kuinama. Yule yule wa kuhesabu viberiti ndiye aliyenikanda kwa maji moto asubuhi na jioni, wiki mbili, mimi nimeketi ndani ya beseni kubwa la bluu kama mtoto. Alifua mashuka yangu kwa mikono yake. Hakuniambia nisilie, wala kwamba nitapata mwingine. Tangu siku zile nilijua kwamba mkoa mzima wa Lindi nilikuwa na mtu mmoja tu wa kwangu, na mtu huyo alikuwa yeye.

Kisha tukakodi mikorosho.

Watumishi wengi huku hufanya hivyo. Mwenye shamba akibanwa na shida kabla ya msimu, anakukodishia miti yake. Wewe unaipalilia na kuipulizia dawa, mavuno yanakuwa yako, na mwaka unaofuata miti inarudi kwake. Tulipata miti arobaini Nandagala, upande wa Ruangwa, kwa bibi mmoja wa Kimwera aliyetaka mabati ya kuezekea nyumba. Siku za Jumamosi tulikwenda kwa bodaboda moja, tumepakiana mshikaki, kwa sababu rafiki yangu alisema pikipiki mbili ni ufujaji. Tulicheka njia nzima. Nadhani hizo ndizo Jumamosi nilizozipenda kuliko zote tangu nihamie kusini.

Mikorosho ikianza kutoa maua hushambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa unaoyapaka maua weupe kabla ya kuyakausha. Dawa yake ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwa mashine asubuhi na mapema, umande ukiwa bado majanini. Mgawo wa salfa ya ruzuku aliopata yule bibi ulitosha kupuliza mara mbili. Mara ya tatu ilibidi tununue wenyewe, pamoja na petroli na ujira wa fundi wa mashine.

Rafiki yangu akasema mara mbili zinatosha. Nikamwambia maua ndiyo kwanza yanafunguka, kila mtu Nandagala anapuliza tena. Akasema hana hela. Mshahara ulikuwa umeingia siku nne tu kabla, na wote wawili tulilijua hilo. Nikamwomba siku ya kwanza, nikamwomba ya pili. Siku ya tatu damu ilinichemka. Chipsi zote, nauli zote, vocha zote nilizowahi kumlipia zilinijia kichwani kwa mpigo, nikamwambia kwamba kuanzia leo miti ishirini ni yangu na ishirini ni yake, kila mtu apulizie ya kwake.

Akasema sawa. Naamini alidhani natania.

Jumamosi ile nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimechana kipande changu cha kanga vitambaa ishirini, nikavifunga kwenye mashina ya miti yangu ili fundi asikosee. Fundi alivitazama, akaizima mashine.

"Mwalimu," akasema, "ubwiri haujui kitambaa. Ukiacha huku, hata kule umepoteza."

Nikamwambia afanye ninachomlipia. Na niliongeza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mwingine yeyote. Salfa hupeperuka, mti mmoja ukipulizwa na wa jirani unapata kidogo. Nilimwambia asimame pale pale mstarini, aupe mgongo upande wa rafiki yangu, na upepo ukigeuka asubiri. Sikutaka hata vumbi limfikie bure. Nilisimama pale na umande miguuni, nikilinda mstari wangu, nikiona nimetenda haki.

Wiki tatu baadaye tulikwenda wote wawili. Maua ya upande wake yalikuwa meupe, mengine yameshakuwa meusi. Ya kwangu yalikuwa yameanza kuwa meupe kuanzia mstarini kuingia ndani, mti kwa mti. Yeye hakutazama maua. Alishika kitambaa kimoja shinani, akakigeuza akaona maandishi yaliyokatika.

"Umeichana kanga yetu," akasema.

Nilimjibu kwamba ilikuwa kipande changu. Bibi mwenye shamba alikuwa amesimama nasi. Kiswahili kilikuwa kinamtoka polepole, akatuuliza, "Nyie walimu mmegombana. Mikorosho yangu imefanya nini?" Tulirudi Nachingwea kwa pikipiki mbili, na nauli ile rafiki yangu aliilipa mwenyewe.

Msimu ule tulipata korosho za kujaza ndoo chache, karibu zote za miti ya mwisho kabisa ya upande wangu. Nilimpelekea nusu. Hakuzichukua. Hatukugombana tena, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana hatukuwa na la kugombania. Alipika peke yake, nami nikapika peke yangu, jiko likiwa lile lile. Mara nyingi nilisimama mlangoni kwake nikitaka kumwomba radhi, nikaanza kufikiria ya kwake aliyonikosea, nikarudi chumbani.

Uhamisho wake wa kwenda Singida ulitoka Desemba. Jioni ya kufunga mizigo tulikaa sakafuni sebuleni, tukagawana vyombo kama tulivyokuwa tumezoea. Sufuria kubwa kwangu, mbili ndogo kwake. Jiko la mkaa kwangu, ndoo mbili kwake. Alikuwa makini kama siku zote, hata vijiko alivihesabu mara mbili, na mimi nikawa najiambia moyoni kwamba huyu hatabadilika.

Likabaki beseni la bluu.

Nikamwambia alichukue, mimi ninalo jingine, au aseme bei nimpe nusu yake. Alilitazama kwa muda mrefu. Nikafikiri anapiga hesabu.

"Hilo halina nusu," akasema. "Nililinunua mwenyewe siku ile unatoka hospitali. Sikukuandikia."

Akalisukuma upande wangu, akaendelea kufunga mizigo yake kwa kamba. Nilikuwa na miezi mitano ya maneno, na hakuna hata moja lililotoka. Asubuhi nilimsindikiza stendi, akapanda basi, tukaagana kwa kushikana mikono kama watu waliokutana kwenye semina.

Bado nafundisha Nachingwea. Salfa ikianza kupulizwa, vumbi lake la manjano hupita shamba hadi shamba, na hakuna mkulima ninayemjua anayesimama mstarini kulizuia. Nimempigia simu mara mbili. Alipokea, tukasalimiana vizuri, akauliza habari za shule. Kanga nyingine sijanunua. Beseni ninalo, na kila ninapofulia huwa nasema peke yangu yale niliyopaswa kumwambia sebuleni.