Kija Kaanguka, Queen Kasifiwa

KIJA KAPATA MKATABAAA! Jamani jamani jamani! Nimepiga kelele mpaka jirani kaja mbio na ufagio akidhani nimeona nyoka. Mkataba wa tamthilia nzima! Mwanamke yeyote humo ndani anayetakiwa kuanguka, kugongwa, kuburuzwa au kutupwa dirishani, anayefanya ni Kija. Yaani kazi yake ni kuanguka, na imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikifurahi huwa naruka vitu.

Kija ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Ana miaka ishirini na mbili, anakaa kwetu Igoma, mchana anapaka rangi mageti kwenye karakana ya kuchomelea. Ila kakulia Misungwi kwenye ngoma, zile za majembe, wanarusha jembe juu, wanapiga sarakasi, wanalidaka. Sasa ngoma za kule baada ya mavuno hazina jaji. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, muda ule ule, hawa huku wale kule. Watu wanahama wanavyotaka. Kundi lenye watu wengi ndo limeshinda, basi, huna pa kulalamika. Kwa hiyo unacheza huku jicho liko kwa watu. Ukianza kuona migongo, ujue wanakukimbia, ongeza kitu haraka. Rusha jembe juu zaidi, simama kwa mikono, jifanye umezimia, chochote. Kija kaanza hayo ana miaka saba. Mwili wake haujui kumwacha mtu aondoke.

Na wivu! Huyu dada ana wivu sijapata kuona. Zamani mgeni akija nyumbani akinitazama mimi akisema "eeh, huyu mdogo amekua mrembo," Kija anabinuka sarakasi hapo hapo sebuleni. Siku moja alivunja meza.

Mwaka jana nilimrekodi kwa simu akiruka kutoka paa la karakana. Chini tulipanga magunia ya pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga iliyo jirani. Pumba ni nzuri kuliko godoro, ukidondoka gunia linakupokea taratibu, fuuuu. Nikaiposti. Wiki hiyo hiyo akapiga simu kaka mmoja anaitwa Otuoma, mtu wa Mara, anaongoza tamthilia ya mtandaoni inayorekodiwa hapa hapa Mwanza. Muigizaji wake mkuu, Queen, anaogopa urefu hata wa stuli. Akawa anatafuta msichana wa kimo chake wa kuanguka badala yake.

Kija akaenda, akavalishwa gauni la Queen na wigi la Queen, akaanguka kwenye ngazi mara nne. Tukafurahi! Sehemu ya kwanza ikatoka. Mama mkubwa akapiga simu kutoka Misungwi, tukaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Shikamoo mayu," Kija akamwamkia mama yake kwa Kisukuma, meno yote nje.

"Marahaba. Nimeona mchezo wenu. Huyo Queen ana roho ngumu jamani! Ameporomoka ngazi zile zote halafu akanyanyuka!"

"Mayu, yule ni mimi."

"Wewe? Mbona sura si yako?"

"Walikata, mayu. Anayeanguka ni mimi, anayenyanyuka ni yeye."

Halafu mama mkubwa akasema, "Haya. Lakini amenyanyuka vizuri sana."

Weee! Kija hakula siku hiyo. Akaanza kumchunguza Queen. Mara Queen ana shingo fupi, mara Queen analia bila machozi. Mtaani wakiimba jina la Queen, Kija anaingia ndani anafunga mlango. Na kibaya zaidi Queen ni mtu mzuri. Alimletea maandazi. Kija akayala huku kanuna, akasema yana mafuta mengi.

Ndo tukafika siku ya Kirumba.

Kulikuwa na jiwe kubwa ufukweni, karibu na soko la samaki pale Mwaloni, refu kama nyumba yenye ghorofa. Binti kwenye hadithi anasukumwa, anaanguka kinyumenyume. Chini wamepanga magunia ya pumba arobaini, juu yake turubai la rangi ya mchanga. Kamera iko chini, kwa hiyo Kija akae kaupa uso mlima ulio nyuma ya jiwe, mgongo kwa kamera, mgongo kwa watu. Otuoma akamwambia mara tatu: "Dada, sura isionekane. Ikionekana tu, hicho kipande ni cha kutupa."

Watu wa soko walijaa. Kina mama wa dagaa, wabeba mizigo, kila mtu. Kija kapanda juu anasikia wanamshangilia, raha tupu. Halafu gari la Queen likafika. Queen akashuka na mwavuli.

Mimi nilikuwa chini nimeshika viatu vya Kija, nikaona watu wote wanageuka. Wote! Simu juu, "Queen, Queen, picha moja!" Kija kule juu akachungulia begani. Akaona migongo.

Nikajua tumekwisha.

Otuoma akasema, "Haya, twende!" Kija badala ya kuanguka kinyumenyume akageuka mzima mzima kuelekea watu, akapiga ukelele wa ngoma, akaruka, akazunguka hewani mara mbili, wigi likaenda upande wake, akatua magotini kwenye magunia mikono juu. Gunia likapasuka, pumba zikatapakaa kila mahali. Watu wakakimbia kurudi, makofi, vigelegele, mama mmoja akamwaga beseni la sangara. Kija anacheka. Kashinda.

"Kata! Kata!" Otuoma kashika kichwa. "Kija, umefanya nini? Umeona wapi binti aliyesukumwa afe anapiga sarakasi?"

"Walikuwa wanaondoka, kaka."

"Waende! Mimi sipigi ngoma hapa! Hilo jua linaondoka, kinabaki kipande kimoja tu. Nikiiona sura yako tena, gauni anavaa Maige, na wewe usirudi kesho."

Maige ndo kaka anayebeba nyaya, mwembamba hivyo hivyo. Akajibu, "Mi niko tayari bosi, ila litanibana kifuani." Watu wakacheka. Kija akaacha kucheka.

Akaja kuchukua wigi, nikawa namkung'uta pumba mgongoni. Nikamwambia, "Da Kija, kazi hii unaitaka au huitaki?"

"Naitaka kuliko kitu chochote."

"Basi waache waende kwa Queen."

Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Akapanda.

Sasa mnielewe jamani. Kule juu amegeukia mlima, haoni kitu. Ila anasikia. Na ule ufukwe una kokoto, mtu akihama unasikia. Queen alikuwa amekaa pembeni akaanza kugawa samaki wa kukaanga, wala hakuwa na nia mbaya, alinunua sahani nzima akaona aibu kula peke yake. Kokoto zikaanza, krrch, krrch, krrch. Niliona mabega ya Kija yanapanda. Niliona kichwa kinaanza kugeuka, kidogo, kidogo tena. Nikafumba macho.

Nikafumbua. Kavuta nywele za wigi mbele, kaziweka mdomoni, kazing'ata.

"Twende!"

Akaanguka. Mikono imelegea, shingo imelegea, kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Sijawahi kuona mtu anaanguka vizuri hivyo, na nimemwona akianguka maisha yangu yote. Fuuuu. Hakuna aliyepiga makofi.

Otuoma akaangalia kamera. Akarudia kuangalia. Akamwita, "Njoo uone," Kija akaenda akainama kwenye kile kioo kidogo, pumba masikioni, nywele bado mdomoni. Otuoma akamuuliza hapo hapo kama anaweza kufanya tamthilia nzima.

Akaja kwangu baadaye, eti swali la kwanza: "Upande wa Queen walikuwa wangapi?"

"Wote."

"Wote wote?"

"Hadi yule mama wa sangara."

Akatema nywele. "Watamaliza samaki," akasema, "watakuwa hawajaona kitu." Alisema kwa wivu, jamani, wivu mtupu, haujapungua hata tone. Jana kasaini mkataba, na page ya Queen bado hajaifollow.

Kwa hiyo watu wa Mwanza na kwingine, sasa mnajua anayeanguka ni nani. Naomba ukimaliza kusoma umtumie mtu mwingine naye asome.