Saa Kumi ya Nani

Watu wa Tanga hatukosi maneno, lakini mwaka ule wa kwanza Guangzhou niliweza kumaliza juma zima sijatamka sentensi moja ya maana ya Kiswahili. Chuo nilichopewa ufadhili kilikuwa cha ufundi, mbali na mjini, upande wa bandari ya Huangpu. Darasa la wageni lilikuwa na Wamongolia, Wavietinamu, na Wakongo wawili waliosema Kifaransa chao na kucheka kicheko chao. Mswahili nilikuwa peke yangu. Sikukipenda chuo, sikupenda chakula chake, na mpango wangu ulikuwa mmoja tu: nikae mwaka, kisha nihamie chuo kikuu mjini nikasome uhandisi. Chuo kikuu kilichukua wachache kutoka chuo chetu kila mwaka, ila lazima uwe umemaliza hesabu za darasa la kawaida. Hapo nikaona wamenirahisishia. Shuleni wenzangu walikuwa wakinakili kwangu.

Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mkavu mwenye nywele fupi, alitangaza kwa mdomo mtihani wa kutupanga madarasa. Jumatano, shi dian. Kichina changu kilikuwa cha miezi michache, lakini namba nilizijua: dian ni saa, shi ni kumi. Basi Jumatano nikafua nguo, nikapitia milinganyo yangu taratibu, nikaswali adhuhuri, na kabla ya saa kumi nikawa mlangoni na kalamu zangu. Mlango umefungwa. Mlinzi akatikisa kichwa: mei you, hakuna kitu. Nikadhani umeahirishwa.

Wiki iliyofuata nikajikuta nimepangwa darasa la marudio, la wale wasiojua kugawanya sehemu. Nikamfuata mwalimu.

"Hukuja," akasema.

"Nilikuja."

"Hukuja."

Nikaondoka na hasira zangu. Akufukuzaye hakwambii toka. Huyu hanitaki, basi. Tangu siku hiyo nikawa nakaa nyuma, nimenuna, naelezwa nusu na robo zinajumlishwaje. Nilinuna karibu muhula wote. Na kununa peke yako ni kazi kweli, maana hakuna wa kukuuliza una nini. Nikimpigia mama simu anauliza kama nimekula, nasema nimekula, na kadi ya simu inakwisha.

Jumamosi nilikuwa nakwenda mjini, kwenye maghala ya Sanyuanli, kumfasiria mama mmoja wa Mombasa, mnunuzi wa viatu vya jumla. Nilimpigia hesabu za katoni, urefu mara upana mara kimo, ajue zitajaza kontena kiasi gani. Jumatatu narudi kufundishwa robo. Asubuhi moja tajiri wa ghala akatwambia mzigo utapimwa shi dian. Nikamgeukia yule mama: "Saa kumi. Tuna muda, twende Xiaobei tukale pilau."

Akanitazama. "Saa kumi ya nani, mwanangu? Shi dian ni saa nne. Saa nne hii hii ya asubuhi."

"Kwani shi si kumi?"

"Kumi yao. Kumi yao ndiyo nne yetu. Weye msomi wa wapi?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mimi sikucheka. Ikiandikwa kwa tarakimu, 10:00, naisoma saa nne bila kufikiri, tangu utotoni. Lakini ile kumi niliisikia kwa sikio, na kichwa changu cha Tanga kikaenda moja kwa moja saa kumi alasiri, wakati wenzangu walishamaliza mtihani, wakala, wakalala. Mwalimu alikuwa mkweli. Na mimi nilikuwa mkweli. Na majina ya wanaohama yalikuwa karibu kupelekwa.

Jumatatu nikaenda ofisini kwake. Nikachora saa kwenye karatasi, nikamweleza kwa Kichina cha kuokoteza kwamba kwetu mchana unahesabiwa kuanzia jua linapochomoza: nyinyi mkisema saba, sisi tunasema moja. Nilitegemea anicheke au anitoe nje. Akaitazama ile saa, akahesabu kwa vidole, akasema ina mantiki. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi ya mtihani, akanionyesha kiti.

Nikaufanya palepale, yeye akisahihisha kazi za wengine. Halafu akasahihisha yangu. Nilikosa swali moja, la uzembe. Akaniambia kuanzia kesho niko darasa la kawaida, na nikifaulu mtihani wa mwisho pamoja nao, jina langu litakwenda chuo kikuu.

Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango aliponiita. Akauliza, wala si kwa ukali, "Siku ile, kwa nini hukumwuliza mwenzako?"

Kuuliza si ujinga, hilo nililijua kabla sijajua kuandika. Nikatafuta jibu. Nikapita akilini mwangu kwenye korido za bweni, mlango kwa mlango, nikimtafuta mtu ambaye ningemgongea na kumwambia hebu nisaidie, shi dian ndiyo saa ngapi. Wamongolia kwa Wamongolia. Wakongo kwa Wakongo. Nikarudi hadi chumbani kwangu bila kugonga popote.

"Sina," nikamwambia. Nikalia pale mlangoni, na mtihani nimefaulu.