Sumaku Chini ya Singlendi

Kwa mwaka mzima na ushei niliamini kwamba mashine ya MRI ilitoa mwilini mwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kiasi cha chuma kinachotosha kufua kikaango. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza upande wa Tura. Habari yenyewe niliipata kwenye kahawa, hapa hapa Chemchem, Tabora, kutoka kwa bwana mmoja mwenye shemeji Mwanza. Kwa maelezo yake, fundi yule alilazwa ndani ya pipa la sumaku, mtambo ukawashwa, na vumbi lote la chuma alilolivuta puani miaka thelathini likaanza kumtoka kwenye vinyweleo, likapanda juu likaganda darini mwa mashine kama nyuki mzingani. Muuguzi akalizoa kwa ufagio. Mjane akakabidhiwa kikaango.

"Na kinakaanga, wallahi," akamalizia yule bwana, akanyoosha kikombe aongezwe.

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Mimi nilikuwa msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja, dawati moja na watoto niliowahi kuwabeba mgongoni, na matokeo yalipotoka nilitembea na cheti mfukoni mpaka kikachanika mikunjoni. Nilijua mambo. Mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba damu ina chuma. Mwalimu wa fizikia alimwaga chenga za chuma juu ya karatasi, akapitisha sumaku chini yake, na chenga zikasimama kama nywele za paka aliyeona mbwa. Ukiyajumlisha hayo mawili, unapata kikaango.

Ingebaki kuwa porojo ya kahawani kama kaka yangu asingekuwa fundi bati.

Kaka alianza kugonga bati kabla sijaota meno. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi, ndoo, koroboi, na vile vifaa vya kufukizia moshi vya warina asali. Nyundo yake ilisikika Kigoma, na huko nasikia walikuwa wanaifuata kuamkia. Sisi wengine wa nyumba ile tuliishi kwa mlio huo. Ukisimama, tunajua chakula kimeiva au kuna msiba.

Siku moja ulisimama, na hakukuwa na chakula wala msiba. Nilipotoka nje nilimkuta kaka kaketi kwenye kigoda, anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Nyundo ilikuwa chini. Alisema jicho la kushoto nalo limeshushiwa pazia. Kabla chai haijapoa vyote vikarudi, mkono na jicho, akaokota nyundo.

"Ilikuwa imeomba ruhusa," akasema. "Nimeikatalia."

Ikaomba tena mara mbili mwezi ule ule. Ya tatu shemeji, mke wa kaka, aliishuhudia kwa macho yake, na hakuomba ushauri wa mtu. Alimvalisha kanzu safi akampeleka hospitali, mimi nyuma nimebeba kadi.

Daktari alimpima shingo kwa altrasaundi, akamwambia bila kuzunguka. "Mzee, mshipa mkubwa wa shingo upande wa kushoto umebanwa. Mafuta yamejijenga ndani kama ukoko kwenye sufuria. Kipande kidogo kikimeguka, kinapanda kichwani. Hizo mara tatu vilikuwa vijipande, vikapita. Kikija kikubwa hakipiti. Mkono huo unakufa, na ulimi unaweza kwenda nao."

"Sasa si mnikwangue?" akauliza kaka. Alikuwa mtu wa mabomba na mifereji, alielewa upesi kuliko mimi.

"Ndiyo maana nakutuma Dodoma ukapigwe MRI ya shingo. Altrasaundi imenionyesha njia ni nyembamba. Sijui huo ukoko ni wa namna gani. Kuna mgumu kama chokaa, huo hukaa miaka. Kuna mlaini kama samli, una damu ndani na ngozi nyembamba juu, na huo ndio unaopasuka. MRI inautazama ndani. Ukiwa mlaini, wapasuaji hawangoji."

Nenda upesi, akasema. Nilimsikia vizuri sana, maana nilikuwa nimekaa karibu yake kuliko kaka mwenyewe. Lakini neno lililobaki sikioni mwangu lilikuwa MRI, na mbele ya macho yangu niliona kikaango.

Nilimpenda kaka yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huenda lisionekane.

Sikutaka kumtisha, kwa hiyo nilimtibu. Tulikuwa na wiki mbili kabla ya safari. Kwanza nilimwondolea mchicha na maini, tusiongeze chuma juu ya chuma. Kisha nikabomoa spika ya redio ya zamani, nikatoa sumaku, pande la duara zito kama andazi la juzi, nikalifunga kwa kitambaa kifuani kwake chini ya singlendi. Nilimweleza sababu yote, pamoja na habari za yule fundi. Ile ya mjane niliiruka. Kaka alicheka, lakini alikubali kuvaa. Alikuwa ameacha shule darasa la nne ili mimi nije nisome, na siku zote aliniita Profesa, kwa kejeli kidogo na kwa fahari nyingi.

Jioni ya kwanza, alipovua shati, tulifungua kitambaa. Sumaku ilikuwa imeota ndevu! Chenga nyeusi, laini, zimesimama pande zote. Kaka alizigusa kwa kidole, akaninong'oneza, "Hizi zilikuwa ndani yangu?"

"Zilikuwa ndani yako," nikasema. Sijawahi kusema neno kwa uhakika kama huo, hata nilipokuwa naoa.

Tukazikung'utia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila jioni zilikuja nyingine. Alivaa sumaku kazini kutwa nzima, akigonga, akikata, akipiga tupa, na kila jioni tulivuna. Shemeji alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyie wawili mna akili kweli? Daktari kasema mafuta, ninyi mnatafuta misumari."

"Shemeji, haya ni mambo ya fizikia."

"Fizikia haijawahi kumzika mtu wangu, na isianze leo."

Siku ya safari treni ilichelewa, kama ada yake, tukaondoka asubuhi imekomaa. Reli inakwenda kandokando ya njia ile ya zamani ya misafara. Babu wa babu yetu aliipita kwa miguu na pembe ya ndovu begani, na nyumbani kwetu kulikuwa na tusi moja tu kubwa kwa mtoto mvivu: wewe ungetua mzigo njiani. Kaka alikaa dirishani, ametulia. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Puge, mwenye rozari mkononi na kikapu cha viazi miguuni, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua.

"Mgonjwa ni yupi kati yenu?" akauliza mama.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipopata uwanja. Nilimjibu swali lake na mengine mia ambayo hakuuliza. Nilieleza sumaku, damu, chenga. Behewa likageuza shingo. Nikasikia vicheko, nikaongeza chumvi, na kwa raha ya kusikilizwa nikamtoa hata mjane na kikaango chake, tena safari hii nikamtilia na mfuniko. Watu walijipiga mapaja. Kaka naye alicheka, akafuta machozi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Profesa, zangu zimeisha?"

Ningeweza kusema zimeisha. Ningeweza kusema sijui, na huo ndio ungekuwa ukweli. Lakini behewa zima lilikuwa linangoja, na kopo lilikuwa kwenye begi langu, na mimi nilikuwa mtu mwenye vielelezo.

"Hata robo bado," nikasema.

Wakacheka tena. Mama wa Puge hakucheka. "Baba," akaniambia, "muache mgonjwa wako apumzike."

Treni iliposimama Tura, kina mama walikuja madirishani na asali na kuku wa kukaanga. Kaka alinyanyuka. "Nashuka kidogo ninunue asali." Nilimwona akipita katikati ya wauzaji, hanunui kitu. Aliketi kwenye benchi la stesheni, mgongo kwa treni. Ilipopiga honi hakugeuka. Nikaruka chini na mabegi yote mawili, na ganda la muwa la abiria mwingine limenigandia kwenye kiatu.

"Kaka, panda! Inaondoka!"

"Tutakuja zikiisha," akasema.

"Daktari alisema upesi."

"Na wewe umesema hata robo bado. Nani kati yenu ananijua?"

 Nikisema kweli, nilifurahi kidogo. Mtu aliyeniacha nisome alikuwa ameyaamini masomo yangu kuliko ya daktari. Treni ikaenda. Tulirudi Tabora juu ya lori la tumbaku, na kesho yake nyundo ikalia kama kawaida. Shemeji alikaa siku tatu bila kunisemesha. Siku ya nne alinijia mwenyewe, akanisihi nimrudishe mumewe kwenye treni. Nikamwambia kopo limefika nusu, asubiri.

Wiki ya sita kopo lilijaa. Nilikwenda stesheni kuulizia safari. Niliporudi sikusikia mlio. Kaka alikuwa ameanguka ubavu kati ya masanduku mawili, mkono wa kulia umemlalia kama wa mtu mwingine, na safari hii chai ilipoa, ikaganda utando, mkono haukurudi. Alinitazama akafungua mdomo. Ilitoka sauti moja tu, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Sumaku ilikuwa kifuani.

Dodoma tulifika mwezi uliofuata, kwa gari la wagonjwa. Walitaka kutazama kichwa, na shingo pande zote mbili, kujua kama upande wa pili nao unaweza kufanya vilevile. Mlangoni mwa chumba cha mashine alikuwepo binti mmoja mtaalamu, mwenye karatasi ya maswali.

"Shikamoo baba. Mgonjwa ana chuma chochote mwilini? Hapa wameandika fundi. Fundi wa nini?"

"Marahaba. Fundi bati. Miaka arobaini," nikasema. "Lakini usiwe na wasiwasi, mwanangu. Tumekitoa."

Nikamfungulia kopo. Nikamwonyesha na sumaku. Nilimweleza yote, kuanzia yule fundi mpaka benchi la Tura, na nilipofika kwenye kikaango nilisikia sauti yangu inatafuta kicheko kwa mazoea tu. Kaka alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu kati yetu. Kusikia alikuwa anasikia. Mdomo wake ulikuwa umevutika upande mmoja, na macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa binti, yakabaki kwake.

Binti alichota chenga kwa ncha ya kalamu, akazitazama.

"Sumaku hii alikuwa anaivaa akiwa kazini?"

"Kutwa nzima."

Akafunika kopo taratibu, akaliweka mezani mbali na mlango. Hakunikaripia.

"Baba, hizi hazikutoka mwilini. Zimetoka kwenye bati, zikaingia kwenye shati lake. Sumaku haivuti chuma cha kwenye damu, na mashine hii haimtoi mtu kitu. Mafundi wa chuma tunawapiga eksirei ya macho kwanza, tuone kama kuna kipande kimeingia jichoni, ni dakika chache tu. Ya kwake nimeiona asubuhi. Ni safi. Mngefika na treni ile mliyoshuka Tura, angepimwa siku ile ile."