Shanga ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, kabla sijang'oka hata jino moja, nilikohoa mpaka nyumba yetu nzima pale Goweko ikaanza kumtafuta mchawi. Bibi, mzaa baba, jina alikuwa nalo tayari: Mama Kulwa, jirani yetu, ambaye kila nikipita kwake hakosi kunitia kitu mkononi.

Bibi akanipeleka Isevya kwa mama mmoja aliyesifika kwa kuwatoa watoto vitu vilivyowakwama kooni. Yule mama alijipaka mafuta vidoleni, akauliza kwanza, "Mtoto kala nini kwa watu?"

"Samaki," Bibi akajibu. "Kwa jirani."

Mimi kwa Mama Kulwa sijawahi kula samaki. Nilikula karanga. Lakini mtoto atasema nini mbele ya watu wazima? Kidole kikaingia, nikatapika, na kilipotoka kilikuja na mwiba wa samaki, mkavu kabisa. Mkavu, jamani, kutoka koo la mtoto anayetapika. Bibi akaufunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuuonyesha kijiji kizima. Tangu hapo watoto wakakatazwa kukanyaga kwa Mama Kulwa.

Kikohozi hakikukoma. Nikaanza kupumua kwa mluzi, midomo ikibadilika rangi. Mama akasema liwalo na liwe, akanipeleka hospitali kubwa bila kuaga. Picha ya kifua ikaonyesha kitu cha mviringo. Wakanilaza kwa dawa, wakapitisha mrija, wakatoa shanga nyeupe.

Mama aliitambua pale pale. Ilitoka kwenye uzi ambao Bibi mwenyewe alinifunga shingoni kunikinga na jicho baya, uzi niliozoea kuutafuna nikisinzia.

Tuliporudi Mama alimwekea Bibi shanga ile kiganjani. Bibi akaigeuza, akaigeuza tena. "Mnaona ubaya wake?" akasema. "Mwiba kaugeuza shanga." Mpaka anakufa hakuitikia tena salamu ya Mama Kulwa. Nilimpenda sana Bibi, na kwa hilo namkasirikia hadi leo.

Mwaka huu nilikwenda kijijini na mwanangu mchanga. Mama Kulwa, sasa mzee, alikuja kumwona, akakaa karibu na mlango. Nikamnyooshea mtoto ampakate. Akaificha mikono ndani ya kanga.

"Nimemwona, mwanangu. Inatosha. Asije akakohoa."

Ndipo nikajua kwamba mimi nilipona zamani, yeye bado. Nikamlaza mtoto mapajani pake hivyo hivyo, nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikawaacha wawili tu.