Mrushaji Aliyepumzika Siku Mbili

Tusidanganyane, katika Matrah yote mwaka ule wa 1967 hapakuwa na mtu mwenye haja ya kujua Wamarekani wanacheza nini, isipokuwa Amur. Maradhi hayo aliyapata Unguja, alipokuwa mpishi katika kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani. Jioni wale jamaa walitoka uwanjani, mmoja anarusha mpira, mwengine na rungu anajaribu kuupiga, na Amur yuko dirishani na upawa wake, anaangalia mpaka mchuzi unaungua. Yalipotokea ya mwaka 64, Wamarekani wakafunga virago. Amur naye akaja Omani na mkewe Kheiria, mtoto wao Ghanim, dada yake Mahbuba, na redio ndogo ya betri aliyoachiwa na bosi wake.

Ghala la Bwana Mahfoudh ndilo lililomlisha, na nyumba ya Bwana Mahfoudh ndiyo iliyomstiri. Kwa hivyo mzee huyo alipotaka kofia nne za viua kwa harusi ya mwanawe, Amur alijibu hata mwenzake hajamaliza kusema.

"Zote mkono wa Kheiria, inshallah!"

Kusema rahisi. Kofia ya viua si mchezo, jamani. Kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, mpaka kofia moja inakula mwezi mzima. Kufika Oktoba tatu zilikuwa tayari, ya nne imefika katikati, na kifundo cha mkono wa Kheiria kimevimba, kafunga kitambaa na mafuta ya habbasoda. Mahbuba naye alijua kushona. Mara mbili aliomba amsaidie wifi yake, na mara mbili Amur alikataa.

"Viua vyako vikubwa. Unataka kuniadhiri mbele ya Bwana Mahfoudh? Imebaki moja tu."

Ijumaa moja asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, Amur alikaa na redio sikioni kusikiliza marudio ya mchezo wa jana. Ilikuwa fainali ya mchezo ule wa rungu. Timu mbili zimeshindana mara sita na ziko sawa, na huu wa saba ndio wa kukata shauri. Kheiria alikuwa kaegemea ukuta na kofia yake mapajani.

"Loo! Kamtia yule yule!" Amur alipiga paja. "Meneja wa Boston huyu. Mrushaji kapumzika siku mbili, mbili tu, na leo anamrudisha tena!"

Kheiria alimkumbusha kwamba mwaka 65 meneja wa Los Angeles alifanya vivyo hivyo akashinda, na Amur akamsifu wiki nzima.

"Yule alikuwa na bahati," Amur alisema, hakupenda kukumbushwa.

Basi mipira ikaanza kupigwa. Hata mrushaji wa upande wa pili, ambaye kazi yake si kupiga, aliupiga mmoja ukatoka nje ya uwanja, na hiyo ni pointi. Meneja hamtoi mrushaji wake. Akapigwa tena, wenzao wakapata pointi tatu kwa mpigo mmoja.

"Mtoe! Mtoe mtoto wa watu, mkono umekufa!" Amur alimpigia kelele mtu aliyekuwa nchi ya mbali, tena jana yake. "Hana jicho huyu?"

"Kwani hawana mwengine?" Kheiria aliuliza.

"Wanao tele, wamekaa tu."

"Mbona meneja hawaingizi?"

"Hawaamini. Anaogopa kuaibika."

"Na huyo anayerusha, kaulizwa?"

Amur aligeuka amjibu. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kofia, na mkono wa Kheiria umelala pembeni yake, kiganja juu. Akaisogelea ile kofia.

"Kheiria. Si hapa ulipofika Jumanne?"

"Ndipo hapo."

"Sasa siku zote hizi unashona nini?"

"Nnaishika sindano ukiingia, Baba Ghanim. Ukitoka naiweka. Vidole hivi viwili sivisikii tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema imebaki moja tu."

Redio ilikuwa bado inasema. Amur aliizima, akaita, "Mahbuba! Njoo," na sauti yake haikuwa ya kuamrisha hata kidogo. Mahbuba akaja na unga mikononi, akanawa, akaichukua ile kofia bila kumtazama kaka yake.

Aliimaliza siku moja kabla ya harusi. Bwana Mahfoudh alizigeuzageuza zote nne, akachagua moja ya kumvisha bwana harusi. Alichagua ya Mahbuba.

"Mkono wa Kheiria huo, mashallah!" alisema mbele ya watu.

Amur aliona uchovu tu, wa miaka yote mitatu ya Omani, umemshukia mabegani.

Mahbuba alikwenda harusini, Kheiria hakuweza. Amur alirudi na sinia ya pilau aliyopewa ampelekee. Kheiria alitia mkono wa kulia akajaribu kufanya tonge, wali ukamwagika. Akajaribu tena, ukamwagika. Kushoto hakutaka kula, asilani. Amur akenda kunawa, akakaa mbele yake, akamfanyia tonge yeye.

Kheiria alitafuna polepole.

"Wale Boston, mwisho walishinda?"

"Hawakushinda," alisema Amur, akamlisha tonge jengine.